Ufundi wa Kuuliza Chini ya Kasigau

Ukitoka Voi kuelekea Mombasa unafika Maungu, na hapo ndipo unapoiacha barabara kuu na kushika njia ya kusini, kati ya ranchi na vichaka vya miiba. Mlima Kasigau unauona mapema sana kwa sababu hauna mwenzake. Umejitenga na vilima vingine vya Taita, umesimama katikati ya nyika, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vitano vimeuzunguka miguuni: Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi. Chini kuna joto na vumbi. Juu kuna msitu wa kijani unaokamata ukungu utokao baharini, na maji ya msitu huo ndiyo yanayoteremka kuwanywesha watu na mifugo. Karibu kila jambo kubwa lililowapata Wakasigau, la heri na la shari, ukilifuatilia utakuta maji hayo yamo ndani yake.

Nataka kusifu kazi moja ambayo wengi hudhani ni nyepesi. Ni kazi ya mtaalamu wa etnolojia, au wa historia simulizi, yule anayefika kijiji kama Makwasinyi na daftari na kinasa sauti, akitaka kujua watu wanakumbuka nini juu ya safari za wazee wao: walitoka wapi, walihamishwa na nani, waliporudi walikuta nini. Anayemtazama kwa mbali humwona mtu aliyekaa kivulini, anapiga soga na wazee, anakunywa chai, jioni anashika njia yake. Mkalishe basi asiyeijua kazi hiyo pale pale, na mzee yule yule, na chai ile ile. Ataondoka na kurasa tatu za maneno ambayo hayatamfaa mtu.

Tuanze na kisa chenyewe, maana bila hicho ugumu wa kazi hauonekani. Agosti 1914, vita vilipoanza Ulaya, Wajerumani wa Tanganyika walivuka mpaka na kuiteka Taveta. Shabaha yao kubwa upande huu ilikuwa reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa, na vikosi vidogo vilipenya nyikani na baruti kwenda kuilipua. Shida yao ilikuwa kiu. Kati ya milima ya Upare na reli kuna nyika kavu, na katika nyika hiyo Kasigau ni mahali pa kujaza vibuyu. Aliyeshika Kasigau alikuwa na maji karibu na reli. Waingereza waliliona hilo wakaweka kambi yao pale, na mwaka 1915 Wajerumani wakaishambulia. Mwisho wa mwaka huo mlima ulikuwa mikononi mwa Wajerumani.

Wenye mlima waliulizwa na nani? Serikali ya Waingereza iliamua kwamba wanakijiji ndio waliomwongoza adui. Adhabu ilitolewa kwa jamii nzima. Wanaume, wanawake, vikongwe na watoto wa mgongoni waliondolewa Kasigau na kupelekwa Malindi, pwani, kwenye malaria na hewa wasiyoizoea, bila mashamba wala mifugo. Wengi walikufa huko. Waliosalia hawakurudi vita vilipokwisha, wala muongo uliofuata. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1930 ndipo watu wa Kasigau waliporuhusiwa kurejea mlimani. Mtoto aliyeondoka akinyonya alirudi mtu mzima mwenye watoto wake, kwenye nchi aliyoijua kwa kusimuliwa.

Mtafiti anayefika leo anakuta kwamba hakuna aliyebaki wa kusema "niliona." Anachokikuta ni kumbukumbu iliyopokewa, ya mjukuu kutoka kwa bibi, ya kitukuu kutoka kwa mjukuu. Kuna wasomi waliodai zamani kwamba maneno ya namna hiyo hayawezi kuwa historia. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi na Wakuba wa Kongo tangu miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1961 kitabu kilichowajibu: alionyesha kwamba simulizi ina kanuni zake za kupimwa, kama hati ilivyo na zake. Afrika Mashariki haikuchelewa kuipokea kazi hiyo. Bethwell Ogot aliandika historia ya Waluo wa kusini kwa kutumia simulizi, kitabu kikatoka 1967. Isaria Kimambo alizunguka Upare akikusanya habari za koo, akachapisha 1969. Na mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kusini mwa Tanzania kuwahoji wazee juu ya vita vya Maji Maji, wakati wapiganaji wenyewe wangali hai. Huo ulikuwa uamuzi wa busara uliowahi kwa nywele moja. Kasigau haikupata bahati hiyo kwa ukubwa ule.

Sasa tumtazame fundi kazini. Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba habari za 1915 hazigusi. Anauliza majina. Baba wa mzee aliitwa nani, na baba wa baba, na huyo jina lake alirithi kwa nani. Majina mengi ya Taita huanza kwa Mwa-, na jina humfunga mtu kwenye nyumba yake na kwenye kichuku, yaani ule ukoo anaouhesabia undugu, mirathi na lawama. Kwa mzee, kutaja majina ni heshima anayowapa wafu wake, na mgeni anayeanza hapo amejionyesha kuwa na adabu. Kwa fundi, majina yale ni ngazi ya miaka. Akishajua nani alimzaa nani, ataweza baadaye kusema kwamba aliyesimulia alizaliwa kabla ya kuhamishwa au baada ya kurudi, na hakumtia mzee katika mtihani wa tarehe hata mara moja.

Tarehe zenyewe zipo, ila zimehifadhiwa kwa njaa. Taita njaa zilipewa majina. Ile ya miaka ya 1880, iliyojulikana kama Mwakisenge, ni mojawapo ya misumari ambayo wanahistoria wa Taita wametundikia mambo mengine. Fulani aliolewa kabla ya njaa hii, fulani alihamia bonde lile baada ya njaa ile. Edward Merritt, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1975 juu ya historia ya Wataita hadi 1900, alilazimika kufanya hesabu za namna hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Ni hesabu inayochosha. Kosa la njaa moja linaweza kumzaa mtu kabla ya mama yake. Mtafiti mvivu hukimbilia kuandika "zamani za kale" na kuendelea.

La pili ni namna swali linavyokatwa. Mtu asiyejua atauliza: Wataita walitoka wapi? Atajibiwa vizuri tu, jibu fupi, nyoofu, kama lilivyosomwa shuleni. Bill Bravman, katika kitabu chake cha 1998 juu ya namna jamii za Taita zilivyojijenga kati ya 1800 na 1950, alionyesha kwamba hata kule kujiita Wataita, watu wamoja, kulijengwa polepole, na sehemu kubwa ya ujenzi huo ni ya nyakati za ukoloni. Kabla ya hapo mtu alikuwa wa kichuku chake na wa mtaa wake wa mlimani. Anayeuliza Wataita walitoka wapi amekwisha kuweka jibu ndani ya swali. Fundi huuliza: ninyi wa nyumba hii, mlikuta nani hapa? Nani alikuja baada yenu? Mliwapa ardhi au waliinunua? Hapo ndipo habari zinapoanza kutoka zenye vipande visivyolingana: huyu asili yake ni Usambara, yule ni mtoto wa mateka, wale walifuata binti yao aliyeolewa huku, hawa walikuwa Waata wawindaji wa tembo wakaja wakalima. Chapurukha Kusimba, Sibel Kusimba na David Wright waliandika mwaka 2005 juu ya Tsavo hii kwamba kabla ya ukoloni ilikuwa nchi ya watu wa kila namna walioishi kwa kutegemeana, wakulima, wafugaji, wawindaji na wafanyabiashara, na kwamba mpangilio huo ulivunjika. Swali la asili moja lingeyaficha yote hayo.

La tatu ni mahali pa kukaa. Wazee wa kiume wakikusanywa chini ya mti, hutoa historia iliyonyooshwa. Inakuwa imepatanishwa tayari. Kila mghosi, yaani mzee, anamsikiliza mwenzake asije akamkosea. Ina thamani yake, nami siibezi. Lakini Kasigau ni nchi ya wanawake wasukaji. Vikapu vyao vya mkonge vimesafiri hadi maduka ya ng'ambo, na kikapu kimoja ni kazi ya siku nyingi: nyuzi zinasokotwa kwa kiganja juu ya paja, zinatiwa rangi, zinasukwa mzunguko kwa mzunguko. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hauna mlinzi. Mtafiti anayejua thamani ya saa hizo hukaa hapo bila kutoa daftari mapema, na swali lake hulitupa katikati ya mazungumzo ya bei ya mkonge. Wanayoyakumbuka wanawake kuhusu kuhamishwa mara nyingi si kambi wala askari. Ni nani alinyonyesha mtoto wa nani. Ni nani aliolewa na mtu wa Malindi akabaki huko, kwa hiyo leo kuna shangazi ambaye watoto wake wanaongea Kigiriama. Uhamaji ndio huo, na faili la serikali halina safu ya kuuandikia.

Kuna kuuliza kwa kutembea pia, na mfano mzuri ninaoujua umefanyika hapo hapo Kasigau. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kimberly Medley wa Chuo Kikuu cha Miami kilichoko jimbo la Ohio, pamoja na Humphrey Kalibo, walifanya utafiti wa mimea na matumizi yake kwa kushirikiana na wanavijiji. Walipanda msitu na wenyeji wanaoijua miti, wakasimama mti kwa mti: jina lake kwa lugha ya hapa, dawa ya nini, nani aliukata mara ya mwisho, unafaa upinde au mpini. Watu wa vijiji walichora pia ramani za mlima wao wenyewe, za vitu wanavyovitumia na mahali wanapovipata. Utafiti ule ulihusu uhifadhi, na waandishi wake hawakujiita wanahistoria. Hata hivyo mtu anayejifunza kusikiliza kumbukumbu ana mengi ya kuiba hapo. Mzee aliyeulizwa akiwa kitini hujibu yale anayoyakumbuka wakati huo. Aliyeulizwa mbele ya mti hukumbushwa na mti. Jiwe alilokalia na babu yake, kijito kilichokuwa na maji wakati fulani, pango ambalo watoto walikatazwa kuingia: vitu hivyo humtoa maneno ambayo hakuna swali lililoandikwa nyumbani lingeyafikia.

Na mawe ya Kasigau yanasema. Katika miteremko ya mlima kuna mapango na vivuli vya miamba vilivyozibwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa. Chapurukha Kusimba, Mkenya ambaye kwa miaka mingi alikuwa Makumbusho ya Field huko Chicago, alichimba na wenzake katika maeneo hayo, na katika makala yake ya 2004 kuhusu akiolojia ya utumwa Afrika Mashariki alieleza kwamba makazi kama hayo yalikuwa ya kujihami, wakati biashara ya pembe na ya watu ilipozidi kuikamua bara. Watu walipanda juu na mifugo yao wakajifungia. Tazama jinsi hilo linavyobadilisha kisa cha 1915. Mtu aliyeanza kusikiliza kutoka Malindi atadhani kuhamishwa kule kulikuwa tukio la kwanza, msiba ulioingia ghafla katika maisha ya amani. Kuta zinasema kwamba mlima ulikuwa umekwisha kuwa kimbilio vizazi kadhaa kabla, na kwamba watoto wa Kasigau walilelewa kwa habari za watu wanaokuja kuchukua watu. Askari walipopanda 1915, walipanda ndani ya hadithi iliyokuwapo.

Sasa tumfikie bwana karatasi. Kasigau iliingia kwenye maandishi ya Wazungu mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Oktoba 1847 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai akafika hapa, mahali alipopaandika kwa jina la Kadiaro, miezi kadhaa kabla hajauona Kilimanjaro mwaka 1848. Kuanzia hapo karatasi hazikukoma: barua za wamisionari, ripoti za wilaya, telegramu za vita. Nyingi za kikoloni zinasomwa leo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, ndani ya lile jengo la zamani la benki. Mwanafunzi anayeanza huziheshimu kupita kiasi. Zina tarehe, zina sahihi, zina mhuri. Mzee hana mhuri. Fundi huzisoma kwa jicho jingine. Ofisa aliyeandika kwamba watu wa Kasigau ni wasaliti hakuwaona wakisaliti. Aliambiwa na askari, aliyeambiwa na mkalimani, aliyesikia kutoka kwa mtu ambaye pengine alikuwa na ugomvi wa mipaka ya shamba na hao wanaosemwa. Faili nalo ni simulizi. Tofauti yake na ya mzee ni kwamba lilinyamazishwa likiwa bado bichi, halikupata nafasi ya kuulizwa tena.

Hapa ndipo ninapoona ubingwa wa kazi hii. Kukusanya kunafundishika. Kinachomtambulisha bingwa ni anachokifanya siku mdomo, karatasi na jiwe vinapokataa kupatana. Tabia ya wengi wetu ni ya hakimu: tunataka mmoja ashinde, wengine waondoke. Mtaalamu wa kweli huacha zote mezani na kuuliza kila moja ina sababu gani ya kusema hivyo.

Mwitaliano Alessandro Portelli alilionyesha hilo kwa mfano ambao wahusika wa kazi hii huurejea kila mara. Katika mji wa viwanda wa Terni, polisi walimuua mfanyakazi kijana, Luigi Trastulli, mwezi Machi 1949, katika maandamano ya kupinga Italia kujiunga na NATO. Portelli alipowahoji wafanyakazi miaka mingi baadaye, wengi walimwambia kwa uhakika kwamba Trastulli aliuawa 1953, katika vurugu za kupinga watu kufukuzwa kazi kwa mamia. Walikosea miaka minne. Portelli hakuwasahihisha wala hakuwatupa. Aliona kwamba kifo kile kilikuwa kizito mno kubaki katika maandamano ya siku moja, na kwamba kumbukumbu ilikihamishia mahali ambapo kingepata maana: kwenye pigano kubwa la maisha yao, waliloshindwa. Tarehe iliyokosewa ilimwambia yaliyokuwa moyoni mwa mji.

Tuseme basi, kwa Makwasinyi, nyumba moja inasimulia kwamba waliokufa Malindi walikufa wote mwaka wa kwanza, na nyingine inasema walikufa polepole hadi siku ya kurudi. Hati ya hospitali ikipatikana inaweza kumpa mmoja ushindi. Lakini huenda nyumba ya kwanza iliwapoteza wazee wote mapema ikabaki na yatima wasiojua kuhesabu, na ya pili ilikuwa na bibi aliyeishi kuzika mmoja mmoja. Tofauti ya simulizi ni kivuli cha tofauti ya misiba. Anayelinganisha ili apate wastani ameitupa habari yenyewe. Hata swali kubwa, kama kweli kuna aliyewaonyesha Wajerumani njia, huwa jepesi kwa msikilizaji wa namna hii. Mpaka uliochorwa 1886 kati ya Waingereza na Wajerumani, kutoka mdomo wa mto Umba kuelekea Jipe na Kilimanjaro, ulipita katikati ya watu waliokuwa wakifanyiana biashara na kuoana. Mgeni kutoka upande wa Upare akiomba maji Kasigau, alikuwa adui tangu lini? Ofisa aliona mstari. Mwenyeji aliona shemeji. Wote wawili wanaweza kueleza kitendo kimoja, mmoja akakiita usaliti na mwingine ukarimu, na hakuna kati yao aliyesema uongo.

Ili kuuona uzuri wa kazi hii, ni vizuri pia kutazama ilivyo pale isipofanywa. Wataita wa zamani walikuwa na desturi ya kuyafukua mafuvu ya wazee baada ya muda na kuyapanga katika mapango, ukoo kwa ukoo, mahali ambapo walio hai waliweza kwenda kusema nao. Mapango mengine yapo hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafuvu mengi yalichukuliwa kwenda Uingereza. Mwaka 1931 jarida Biometrika lilichapisha vipimo vyake. Baadaye Mmarekani William Howells aliyaingiza katika vipimo vyake vya mafuvu ya dunia, vilivyochapishwa 1973, na kwa njia hiyo neno "Teita" likawa jina la safu ya takwimu inayotumiwa na wataalamu wa mifupa katika nchi ambazo watu wake hawajui hata Voi iko wapi. Upana wa paji, urefu wa taya, kimo cha tundu la jicho: kila kitu kimepimwa kwa milimita. Jina la mtu hata mmoja halikuandikwa. Mapangoni kila fuvu lilikuwa na wake wa kulijua, na swali la dakika moja kwa mwenye pango lingeleta ukoo mzima. Sidhani kuna mfano mkali kuliko huu wa elimu iliyojaa vipimo na ikakosa kuuliza.

Nirudi kwa wanaouliza. Kuna sehemu ya ufundi huu isiyoonekana hata ukisoma kitabu kilichotoka, nayo ni kujua kuacha. Grace Harris, aliyeishi Taita na mumewe Alfred mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kilichotoka 1978 juu ya dini ya wutasi. Aliyoyakuta ni kwamba hasira iliyofichwa moyoni, ya ndugu, ya mzee, hata ya wafu, ilihesabiwa kuwa chanzo cha magonjwa na mikosi, na dawa yake ilikuwa kuitoa hadharani: mtu anasema maneno ya kutakia heri huku akipuliza pombe kutoka kinywani, akiiachilia hasira iende. Mtu aliyesoma hayo kabla ya kukaa na mzee anaelewa kwamba habari za Malindi si data iliyolala. Kuna hasira ndani yake ambayo haijapulizwa. Mzee anaponyamaza katikati, mwanagenzi huona pengo na kulijaza kwa swali jingine. Fundi huzima kinasa sauti. Huuliza habari za mbuzi. Siku nyingine, au mwaka mwingine, mzee mwenyewe atarudia pale alipoachia, au hatarudia, na kutorudia huko pia kutaandikwa kwa heshima.

Kisha kuna kazi ya usiku, ambayo hakuna anayeiimbia. Saa moja ya sauti huhitaji saa nyingi za kuandika, hasa mzee anapochanganya Kikasigau, Kiswahili na Kidawida katika pumzi moja, na jogoo yuko karibu na kinasa sauti. Kila mahali sauti ilipopanda, kila kicheko, kila "hapana, ngoja," huandikwa. Ukiyafuta ili ukurasa uwe safi, umefuta mahali mzee alipojisahihisha, na mahali pale ndipo kumbukumbu inapoonekana ikifanya kazi. Tafsiri huja baadaye, na baadaye sana Kiingereza cha tasnifu. Mimi nikipata kitabu cha namna hii hukimbilia kwanza kutazama kama maneno ya wenyewe yameachwa kando ya tafsiri. Yakiwapo, namwamini mwandishi hata pale nisipokubaliana naye.

Lawama yangu kwa taaluma hii ni moja, na ni ya zamani. Tasnifu zilizoandikwa juu ya Taita ziko Marekani na Uingereza. Vitabu vyake ni ghali kuliko kikapu cha mkonge, na mtoto wa Makwasinyi anayetaka kusoma alichosema babu yake huombwa kadi ya benki. Afadhali wale wanaorudi na rasimu. Huketi na wale wale waliohojiwa, au watoto wao, wakaisoma kwa sauti, kwa lugha ya hapo. Kikao hicho ni kigumu kuliko mahojiano yote. Mzee mmoja anasema jina la bibi limekosewa. Mwingine anasema halikukosewa, ndivyo alivyoitwa upande wa mumewe. Mama aliyekuwa akisuka pembeni anauliza kwa nini mbuzi waliobaki mlimani hawakutajwa, maana walichukuliwa na nani? Hakuna aliyewahi kuuliza habari za mbuzi wale. Mtafiti anafungua ukurasa mpya, anaandika tarehe juu, na kumuuliza mama huyo walikuwa wangapi.